Namna ya Kumaliza Fildi Bila Kuchafua Buti

Mdogo wangu, injinia mtarajiwa, sogea hapa tuongee wakati wenzako wako maktaba. Likizo ndefu inakaribia. Chuo kinataka wiki nane za mafunzo kwa vitendo: uende kiwandani, saitini au kwenye karakana, ushike chuma, kisha urudi na kitabu kilichojazwa, kilichosainiwa na kugongwa muhuri. Yasome tena hayo matatu ya mwisho. Kujazwa, kusainiwa, kugongwa muhuri. Chuma hakina mahali pa kugonga muhuri, basi tusipoteze muda nacho.

Njia nitakayokuonesha wamepita wengi kabla yako. Baadhi yao leo wanakaa siti za nyuma kwenye magari ya serikali.

1. Anza kwa kuchelewa

Wapo wanafunzi wanaopeleka barua za maombi mwezi wa pili. Waonee huruma. Hao ndio wanaojibiwa, na anayejibiwa mapema hupelekwa penye kazi. Anajikuta Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere, anatazama mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, yote kwa pamoja 2,115. Ni jambo kubwa, sikatai. Lakini shangazi hana nyumba Rufiji.

Fildi huchaguliwa kwa ramani ya ndugu. Chukua karatasi, andika nani anaishi wapi, nani anapika vizuri, nani ana king'amuzi kilicholipiwa mpaka mwisho wa mwezi. Kisha tafuta ofisi yoyote inayohusiana na uhandisi ndani ya daladala moja kutoka hapo. Kama wewe ni umeme na ofisi ni ya barabara, usijali. Barabara nazo zina taa.

Halafu kuna hela. Ikiwa Bodi ya Mikopo imekupangia fedha za mafunzo kwa vitendo, zinahesabiwa kwa siku, na hakuna fomu inayouliza kama ulilala kwa shangazi bure. Fedha hizo zimekusudiwa nauli, malazi na chakula. Nunua simu.

2. Barua na wasifu

Nenda steshenari ya getini, ile yenye foleni. Usiandike barua, iombe. Kijana wa pale ana barua ya maombi ya fildi kwenye kompyuta yake tangu alipofungua duka, na imeshapita mikononi mwa vizazi vya wahandisi. Kazi yako ni kubadilisha jina, tarehe na anwani. Ukisahau anwani, utakuwa umeiambia mamlaka ya maji kwamba tangu utotoni ulikuwa unaota kusimamia ujenzi wa lami. Hilo nalo halina madhara makubwa, maana atakayeisoma mpaka aya ya pili hajaajiriwa bado.

Kitu ambacho hakiguswi ni muundo. Andika YAH: OMBI LA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, kwa herufi kubwa, upige mstari chini. Endelea na "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Maliza kwa "Natanguliza shukrani." Katikati weka unachotaka. Barua ya Kiswahili ya kiofisi ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na watumishi wengi huijua kwa milango hiyo tu.

Wasifu unahitaji ujasiri zaidi. Chini ya ujuzi wa kompyuta, orodhesha kila programu uliyowahi kuisikia ikitajwa na mtu wa mwaka wa nne. AutoCAD, bingwa. MATLAB, bingwa. Excel, bingwa, ingawa mpaka leo unajumlisha kwa kikokotoo halafu unaingiza jibu kwa mkono. Usiandike "wastani" popote. Mtu wa wastani hujiandika bingwa. Bingwa wa kweli huandika "ninajifunza", na ndiyo sababu hapati nafasi.

Sehemu ya wadhamini, weka mhadhiri mmoja mwenye cheo kirefu ambaye hapokei simu. Sehemu ya mambo uyapendayo, andika kusoma vitabu. Hakuna aliyewahi kuulizwa kitabu gani.

3. Mtafute mjomba

Barua yako itapokelewa masijala. Itagongwa IMEPOKELEWA, itaingizwa kwenye jalada, na jalada litapanda kwenye rafu kukutana na barua za wenzako. Utaambiwa, "Tutakupigia." Ni sauti ya upole kabisa. Itikia, shukuru, toka nje, kisha anza maombi yenyewe.

Unahitaji mjomba. Si lazima awe wa damu. Mjomba ni mtu yeyote aliye ndani ya ofisi ambaye mama yako anaweza kumtaja kwa jina la utotoni. Mpigie jioni, akishakula.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Baraka, mtoto wa dada yako wa Kilosa."

"Baraka! Si juzi tu ulikuwa unalia hapa nyumbani unataka maandazi?"

Cheka. Hata kama hukulia. Muulize afya, waulize watoto kwa majina, uliza mvua imeacha nini shambani, mpe pole kwa kilichopotea. Usitaje fildi. Subiri akuulize yeye mwenyewe, "Chuo vipi?" Atauliza tu, hakuna mjomba anayekata simu kabla hajatoa nasaha. Hapo vuta pumzi useme, "Tunamshukuru Mungu, mjomba. Ila fildi ndiyo inatutesa. Ofisi zote zimejaa."

Ishia hapo. Ukiomba, atakuahidi. Ukilalamika, itabidi athibitishe. Kwa miaka mingi amewaambia watu wa Kilosa kwamba pale ofisini yeye ndiye kila kitu, na sasa umempa nafasi ya kulionesha hilo bila gharama. Kesho yake saa tatu utapigiwa na namba usiyoijua.

Swali linaloulizwa sana: mjomba wa cheo gani anafaa? Injinia ni mzuri, ofisa utumishi ni bora. Lakini kwa maoni yangu hakuna anayemfikia dereva wa mkurugenzi. Mkuu wa idara anaonana na bosi kwa miadi, dakika kumi, mlango ukiwa wazi. Dereva anakaa naye kwenye foleni ya magari kila asubuhi, vioo vimefungwa, redio chini, na bosi anahitaji mtu wa kuongea naye.

Ikitokea wakakuita usaili (hutokea, hasa kwenye kampuni binafsi), beba namba moja tu: moja, mbili, nne. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Swali likija la nondo, lirudishe kwenye zege. Likija la mota, sema kila mota hukaa juu ya msingi, na msingi ni zege.

4. Vaa, kisha upigwe picha

Nunua helmeti nyeupe. Kwenye saiti nyingi vibarua huvaa za njano na nyeupe hukaa kichwani kwa wakubwa. Hakuna sheria ya nchi inayokukataza kuvaa nyeupe siku ya kwanza, ila macho ya foremani, na hayo utayazoea.

Picha ipigwe mapema, kabla jua halijakali na kabla reflekta haijachafuka. Azima mchoro wowote, ukunjue mbele ya kijiko, kile cha kuchimbia, na unyooshe kidole mahali pasipo na kitu. Mwenzako wa pembeni atazame kidole. Msitabasamu, wahandisi huwa wanafikiria mzigo. Iweke mtandaoni na maneno "Kazi iendelee."

Hapa nakupa tahadhari ya kweli, maana nakupenda. Usijiandike "Mhandisi Baraka." Tuna Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, na cheo hicho ni cha aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Andika "injinia mtarajiwa." Neno la pili liweke mwishoni kabisa mwa mstari, pale ambapo simu hukata sentensi na kuandika "soma zaidi."

5. Mkwepe foremani

Ofisini hakuna hatari. Utapewa meza ya kona, utatumwa kutoa kopi, utaagizwa chapati, na baada ya wiki moja utajua nani anakunywa chai bila sukari. Kaa karibu na kiyoyozi. Ukiulizwa unafanya nini, sema unapitia michoro.

Hatari iko saitini, nayo ni mzee mmoja mwenye kofia ya njano iliyopauka ambaye hana cheti cha kutundika ukutani. Hata jina la chuo chako hulitamka vibaya. Huyo akikuona umesimama atakuita: "Wewe mwanachuo, njoo." Ukienda, umekwisha. Atakufundisha.

Ataanza na slampu. Atakupa koni ya bati, urefu milimita 300, chini pana, juu nyembamba, na fimbo ya chuma. Utajaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka utalishindilia mara 25, halafu utainua koni polepole, wima, na kupima zege limeshuka kiasi gani. Inasikika rahisi. Utainua kwa pupa, zege litamwagika upande mmoja, naye atasema, "Rudia." Utarudia. Jua liko utosini, suruali ya kitambaa imeingia saruji, na yule mzee wala hatazami kipimo. Ametazama zege lilivyoteleza kwenye chepe na amekwishajua kwamba mwenye mashine ameongeza maji. Atakuambia hivyo kabla hujasoma rula. Utasoma rula, na itakuwa kweli.

Mambo ya namna hii yanaweza kumvutia kijana. Nimeona watoto wa watu wakipotea hivyo: wanaacha meza ya kona, wanaanza kuja saa moja asubuhi, wanakula mihogo na vibarua, wanauliza maswali. Jikaze. Kinga ni kalamu. Foremani akiita tu, tangulia useme, "Mzee, mimi nitaandika matokeo." Mwenye kalamu hapewi chepe popote katika nchi hii.

Lakini kaa mbali na kyubu, yale matofali madogo ya majaribio, milimita 150 kila upande, yanayotengenezwa siku ya kumwaga zege na kulazwa kwenye maji. Hayo ni mambeya. Mengine hupondwa siku ya 7, mengine ya 28, kwenye mashine inayosoma uzito yalioubeba. Ukibuni slampu leo, siku ya 28 mashine itataja namba yake mbele ya mshauri mwelekezi, nawe utakuwa bado hapohapo, maana wiki nane ni siku 56. Fildi ingekuwa ya wiki tatu ningekushauri vingine.

6. Kitabu cha kumbukumbu

Hapa ndipo penye digrii yako. Kitabu kinataka ujaze ulichofanya kila siku, kila wiki uandike muhtasari na uchore mchoro, na msimamizi wa ofisini asaini. Waliokibuni waliamini utajaza kila jioni. Walikuwa watu wazuri.

Wewe utakijaza usiku mmoja, wiki ya mwisho. Andaa kalamu nne: bluu mbili zisizofanana, nyeusi moja, na moja inayoelekea kuisha wino kwa ajili ya wiki ya tano, mtu anapokuwa amechoka. Badilisha mwandiko kidogo baada ya kila kurasa tatu. Wiki ya pili imwagie chai. Chai huipa kazi heshima, na hakuna mhadhiri anayeshuku daftari lenye doa.

Kisha kalenda. Wengi wameanguka hapa. Iweke mbele yako kabla hujaandika neno. Fildi ya likizo ndefu huangukia Saba Saba, au Nane Nane, au zote, na Maulidi nayo hutembea kwa mwezi. Ukiandika kwamba tarehe 8 Agosti ulishiriki kumwaga zege la jamvi, utaulizwa nani aliwafungulia geti. Jumapili nazo zikague. Kuna kijana mchapakazi sana kwenye vitabu hivi, hapumziki hata Idi, usiwe yeye.

Sasa vitenzi. "Nilifunga nyaya" ni sentensi ya hatari, utaulizwa zipi. "Nilishiriki kufunga nyaya" ni salama, maana kushiriki kunaanzia kushika tochi. "Nilishuhudia" ni salama zaidi. "Nilipata uelewa kuhusu" haina swali linaloweza kuiumiza. Panga hivi: wiki za mwanzo ushuhudie, za kati ushiriki, ya mwisho usimamie. Atakayesoma ataona kijana amekua.

Mchoro wa wiki usiwe wa kitu kilichopo saitini, kwa sababu kilichopo kinaweza kwenda kutazamwa. Chora valvu. Valvu ina sehemu nyingi, inajaza ukurasa, na mishale yake inapendeza. Waulize tu wenzako wa ofisi nyingine wanachora nini. Mhadhiri mmoja akikuta valvu ileile, imekosewa palepale, kwenye vitabu vya wanafunzi sita, ataanza kufikiri, na mhadhiri anayefikiri wakati wa likizo hana furaha.

Saini zote za ofisini zipate kwa mkupuo, Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Msimamizi wako amevaa tayari kwa kuondoka, funguo za gari ziko mkononi. Fungua kurasa mwenyewe, mwekee kidole pa kusaini, na uongee mpira. Atasaini wiki nane kabla Simba na Yanga hawajamalizana.

7. Mgeni kutoka chuoni

Msimamizi wa chuo atakuja kukukagua. Ana wanafunzi mikoa mitatu, ana posho ya siku chache, na anataka kuondoka kama unavyotaka aondoke. Mko upande mmoja, msigombane.

Mnachohitaji ni kundi la simu la darasa zima. "Kaonekana Morogoro." "Kala Gairo." Zamani hiyo ilitosha: basi la Dodoma lilikupa siku nzima ya kuazima buti. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na mzee anayeondoka Dar alfajiri anakuwa mlangoni kwako kabla ya chakula cha mchana. Reli hiyo ni fahari ya wahandisi wote nchini, na imetuharibia sana. Siku hizi buti zikae chini ya meza, zimeshapakwa vumbi la saruji, tangu Jumatatu.

Akiuliza umejifunza nini, jibu "kufanya kazi kwa ushirikiano." Akiuliza kitu chenye kipimo, mgeukie injinia wa ofisi kwa heshima: "Labda mkuu hapa ataeleza vizuri zaidi." Mkuu ataeleza. Hawezi kujizuia. Ndani ya dakika tano watagundua kwamba wote wawili walisoma Mlimani, maana kitivo cha uhandisi cha pale kilifunguliwa 1973 na kimewatapakaza wahitimu wake kila wilaya, kisha wataanza kutajana majina ya walimu wa hesabu.

Mazungumzo yakififia, uliza: "Mwalimu, enzi zenu fildi ilikuwaje?" Atakaa chini. Atakueleza walivyolala kambini, walivyopimwa kwa vitendo, kijana wa sasa asivyojua hata kushika levo. Tikisa kichwa kwa masikitiko. Atakupa alama nzuri za usikivu.

8. Ripoti

Iombe kwa aliyetangulia mwaka jana, ambaye naye aliiomba. Badilisha jalada. Historia ya taasisi ijaze theluthi ya kwanza. Muundo wa uongozi, na visanduku vyake, ule kurasa mbili. Weka picha yako ya helmeti na maelezo chini yake: "Mwanafunzi akiwa katika shughuli." Kwenye mapendekezo, ishauri ofisi iongeze vitendea kazi na chuo kiongeze muda wa fildi. La pili litawafurahisha, wala halitekelezwi.

Usiogope kwamba siku moja utaajiriwa hujui kitu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa wahitimu tangu 2003, miaka mitatu mizima ya kujifunza kazi chini ya wahandisi wazoefu, nao una ripoti zake. Ripoti hujazwaje, tumeshaongea.

Ukurasa mmoja tu wa ripoti ndio utauandika kwa mkono wako: Shukrani. Mshukuru Mungu, wazazi, shangazi, mjomba na dada wa mapokezi. Foremani muache, atajisikia vibaya. Kisha mshukuru kwa dhati msimamizi wako wa ofisini, aliyekuongoza bega kwa bega wiki zote nane, na hakikisha jina lake umeliandika sawasawa. Kama hulijui, liko kwenye muhuri.